Kelele za magari na mtoto aliye darasani

Tukizungumzia kelele za magari, wengi wetu vijijini tunasema hayo ni matatizo ya watu wa mjini. Lakini msikilizaji, hebu hesabu shule unazozijua zilizojengwa kando ya barabara kuu. Malori yanapita, mabasi yanapiga honi, bodaboda zinanguruma. Na ndani, mtoto anajaribu kumsikia mwalimu.

Mwaka 2022, watafiti wa Barcelona, nchini Hispania, walitangaza matokeo ya utafiti katika shule 38 za mji huo. Waliwapima watoto 2,680 wenye umri wa miaka 7 hadi 10, mara nne ndani ya mwaka mmoja. Katika shule zenye kelele nyingi za magari, uwezo wa watoto kutulia na kushika jambo kichwani ulikua polepole kuliko kwa wenzao wa shule tulivu. Kelele za nyumbani hazikuonyesha athari hiyo. Za shuleni ndizo zilizoonyesha.

Kushika jambo kichwani ni nini? Mpe mtoto hesabu ya 27 kujumlisha 48. Saba na nane ni kumi na tano. Anaandika tano, moja anaiweka kichwani. Hapo hapo lori linapiga honi, anageukia dirishani. Akirudi kwenye daftari, ile moja imepotea. Anaandika 65 badala ya 75. Mtoto huyo si mzito wa kuelewa. Amekatizwa.

Watafiti hao waliona pia kwamba ndani ya darasa, kelele zinazopanda na kushuka ghafla huvuruga zaidi. Hilo linatugusa sisi. Barabara ya kijijini haina foleni. Inakuwa kimya, kisha basi linapita kwa kishindo na darasa zima linageuka.

Wapo wanaosema watoto watazoea. Mwaka 1975, mtafiti Arline Bronzaft alichunguza shule moja ya New York, Marekani, iliyopakana na reli ya juu. Wanafunzi wa darasa la sita waliosoma upande wa treni walikuwa nyuma katika kusoma kwa karibu mwaka mzima, ukiwalinganisha na wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Treni walikuwa wakiisikia kila siku, lakini mazoea hayakuwasaidia. Baadaye reli iliwekewa mipira na madarasa yakawekewa dari za kupunguza sauti. Utafiti wa mwaka 1981 ulikuta tofauti ile imekwisha.

Dari kama hizo ni ghali kwetu. Lakini kuchagua upande hakuna gharama. Kijiji kinapotoa kiwanja cha shule, tusikimbilie cha barabarani kwa sababu tu kinaonekana. Kama shule tayari iko hapo, ofisi, stoo na jiko vikae upande wa barabara, madarasa yaende nyuma. Na wanaoanza kujifunza kusoma wapewe chumba kilicho tulivu kuliko vyote.

Kikao kijacho cha wazazi, uliza swali moja: mtoto wangu anakaa upande gani?