Mtegaji Naye Ana Adabu Zake

Leo tuna ugomvi na watengenezaji wa michezo ya kompyuta. Ndiyo, sisi mafundi cherehani wa Uroa.

Mwanetu alikaa siku tatu mbele ya mchezo mmoja wa zamani, ile ya visa, unabofya vitu, unaviokota, kisha unafikiri uvitumieje ili njia ifunguke. Siku ya tatu akasema, "Mama, mimi sina akili." Hapo tukaacha kushona, tukatafuta jibu kwenye simu.

Mchezo ni Monkey Island 2, wa 1991. Unatakiwa uzuie maporomoko ya maji. Pampu ipo, spana hakuna. Jibu: umpumbaze kima kwa ndizi, umchukue, umtumie yeye kuigeuzia pampu. Kwa nini kima? Kwa sababu Wamarekani spana ya namna hiyo huiita "spana ya kima". Basi, siri yote ni hiyo. Waingereza wenyewe spana hiyo wana jina lao jingine. Sisi tuna kima punju Jozani, na hatujamwona hata mmoja akifungua nati. Mtoto wa Uroa angejuaje?

Na wapo waliozidi. Katika Gabriel Knight 3, wa 1999, ili ukodi pikipiki unajifanya mtu mwingine: unanasa manyoya ya paka kwa tepu, unayabandika usoni kwa shira yawe masharubu. Na huyo mtu mwenyewe hana masharubu! Inabidi umchoree kwenye pasipoti yake.

Wanasema ugumu ndio utamu. Hatukatai. Lakini mwanafunzi wetu tukimpa kitambaa akikate bila kumpa vipimo, kikiharibika kosa la nani?

Tazameni vitendawili vya bibi zetu. Nyumba yangu haina mlango. Mtoto akikosa, akiambiwa ni yai, anajipiga paji la uso, maana asubuhi alikuwa nalo mkononi. Hakupungukiwa kitu ila kuangalia. Na akishindwa kabisa, anatoa mji. Mtegaji anauchukua, anajitapa kidogo alivyopokelewa huko, kisha ni lazima aseme jibu. Hakuna anayelala nacho siku tatu akijiona mjinga.

Cha ajabu, aliyeuongoza mchezo ule wa kima, Ron Gilbert, ndiye aliyeandika makala mwaka 1989 kulalamikia mafumbo mabovu ya michezo hii. Alilijua tatizo, na bado kima akampenya.

Basi jibu tulikuwa nalo kwenye simu, ila hatukumpa mwanetu bure. Tukamwambia atoe mji. Akatoa Chwaka. Tukaenda Chwaka, tukapokewa kwa pweza wa nazi, tukakalishwa barazani, ndipo tukamwambia habari ya kima na jina la spana. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kumbe si mimi," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.