Uzito Haufungi Mzigo

Kwenye maegesho ya malori ya barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, madai yaleyale kuhusu kufunga mzigo hurithiwa na kila utingo anayekuja kuwa dereva. Yanahatarisha roho za watu, nami nayapinga moja moja.

"Eskaveta ya tani 30 haiendi popote, uzito wake unaishikilia." Hili ndilo baya kuliko yote. Kadiri mashine inavyozidi uzito, ndivyo nguvu ya kuisimamisha inavyozidi. Kanuni za Ulaya na Marekani zinataka mzigo uzuiwe kusogea mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, kwa ajili ya breki ya ghafla. Kwa tani 30, hizo ni tani 24. Chuma cha eskaveta juu ya sakafu ya chuma hutoa msuguano wa tani kama sita, na pakiwa na tope au oili hupungua zaidi. Tani 18 zilizobaki zitashikwa na nini, kama si minyororo? Ukishuka mlima wa Kitonga, kilicho mbele ya mashine hiyo ni kabini yenye dereva na utingo wake.

"Mkanda umeandikwa tani 5, basi unaubana mzigo kwa tani 5." Hapana. Namba hiyo ni kikomo cha mkanda kustahimili. Mkono wa mtu kwenye kikazio huleta mvuto wa kilo mia chache tu, na mkanda uliopita juu ya mzigo ukilala pembe ya digrii 30, nusu ya mgandamizo hupotea. Ndiyo maana mashine hufungwa moja kwa moja kwenye trela, mnyororo kila pembe, minne kwa uchache, na kijiko chake hushushwa kikafungwa peke yake.

"Mizani wametupitisha." Mizani hupima uzito wa ekseli na wa jumla, ambao sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 imeuwekea kikomo cha tani 56. Haikagui mnyororo wa mtu.

"Nimefunga bandarini, nitafungua Tunduma." Mtikisiko hulegeza. Marekani dereva hutakiwa kukagua ndani ya kilomita 80 za kwanza. Ukitoka Dar, hizo huisha kabla ya Chalinze.

Matajiri wa malori, nunueni minyororo na vikazio vya kutosha kabla ya kumpa dereva safari, wala msimkate posho kwa muda anaosimama kukagua.