Pikipiki Ndani ya Tela: Kamba ni Dawa ya Kuzuia



Siku hizi wengi wetu tunanunua pikipiki ya magurudumu matatu. Mzee anayekaribia pansio anaiwekea wana wake, na mama anaitaka ya kubeba mihogo na mchele wa bonde la Ruzizi. Hakuna ubaya, ni mali ya jasho. Lakini pikipiki hiyo ikinunuliwa Bukavu inateremshwa Kamanyola ndani ya tela la kuta na paa, na watu wanadhani mlango ukifungwa mambo yamekwisha. Mimi nafikiri mlango uliofungwa ndio unaotudanganya. Katika kamyo ya wazi shofa anaona mzigo ukilegea na wapita njia wanampigia kelele. Ndani ya tela hakuna anayeona kitu mpaka mlango ufunguliwe, na hapo pikipiki inamwangukia yule aliyefungua. Vidole na miguu ya mtu huyo ndivyo vinavyoletwa kwetu dispanseri.

Tazameni njia yenyewe. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 na Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi, na sehemu kubwa ya mteremko huo inakwisha kabla ya kufika Kamanyola. Ukipita Nyangezi unaingia milima ya Ngomo, kona juu ya kona, korongo upande mmoja. Huko pua ya gari inatazama chini saa nzima na mguu wa shofa uko kwenye breki. Pikipiki tupu ya namna hii ina kilo 300 mpaka 400. Kanuni ya Ulaya ya kufunga mizigo inataka kamba ziweze kuzuia sehemu 8 kwa 10 za uzito upande wa mbele, na nusu ya uzito upande wa kando na wa nyuma. Basi kwa pikipiki ya kilo 350, kamba zishike kilo 280 mbele na 175 kando. Na hiyo ni kanuni ya barabara nzuri! Ni nani kati yetu anaweza kuzuia kilo 280 kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu? Mpira unavutika. Unafaa kwa godoro juu ya baiskeli, lakini mashine haiwezi.

Wengine wanasema, ina magurudumu matatu, itasimama yenyewe. Si kweli. Gurudumu la mbele ni moja na linageuka, na likigeuka mwili wote unafuata. Linyooshwe, liwekwe kati ya mbao mbili zilizopigiliwa misumari sakafuni, na magurudumu ya nyuma yawekewe kabari mbele na nyuma. Kisha mikanda minne ya kukaza, miwili ikivuta mbele na miwili ikivuta nyuma, kila mmoja kwa mshazari mpaka kwenye pete ya chuma iliyoshikwa na chesi ya tela. Ubao wa ukutani hautoshi. Msifunge kwenye usukani wala kwenye bomba la breki. Fungeni kwenye chuma cha mwili. Springi zishuke kidogo tu. Zikiachwa huru, kila shimo la njia linalegeza mkanda. Zikibanwa mpaka chini zinaharibika. Uzito nao ukae mbele kidogo ya ekseli ya tela, kwa sababu ukibaki nyuma tela linaanza kuyumba, na tela likiyumba kwenye Ngomo sina la kuwaambia.

Sasa niseme la kazi yangu. Usiwashe injini ndani ya tela mlango ukiwa nusu. Moshi wa esanse una hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo peke yake haina rangi wala harufu. Sisi watu wa mgodi tunaijua hewa mbaya. Mtu anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, anataka kutapika, na nyumbani wanasema ni malaria. Ukimkuta ameanguka, fungua milango yote kwanza, mtoe nje penye upepo, kisha umlete kwetu upesi. Pikipiki isukumwe kwa mikono. Robine ya esanse ifungwe na waya wa betri utolewe, kwa sababu mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa na unalala sakafuni. Bonde letu halijasahau Sange, tarehe 2 Julai 2010, watu zaidi ya 230. Ile ilikuwa kamyo nzima ya esanse, sitaki kuwatisha kwa mfano mkubwa kuliko jambo. Lakini cheche ndogo inatosha kuwasha hata lita tano ndani ya sanduku.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni watu kupanda humo pamoja na mzigo, mama na mtoto mgongoni, kwa kuokoa nauli, na hata kuambiwa washike pikipiki isitikisike! Mtoto wa kilo kumi hawezi kuwa kabari.

Najua mtaniambia mikanda ni ghali. Kampuni inatoa kofia na buti bila kuuliza bei, nami naomba mikanda minne ihesabiwe pamoja na vitu hivyo na ikae depo. Afungaye asiwe mpakiaji peke yake, maana yeye analipwa kwa haraka. Shofa akague kwa mkono wake na awe na ruhusa ya kukataa kuondoka bila kukatwa siku. Asimame Nyangezi kabla ya kuteremka, akaze tena, kwa kuwa kilomita za kwanza ndizo zinazolegeza mikanda. Na ufunguo wa mlango ukae mfukoni mwake tangu Bukavu, mpaka ahesabu watu wote walioko nje.