Aibu ya Mtumbwi

Wako watu katika nchi yetu waonao kuwa mtumbwi ni chombo cha mnyonge, na kulala mchangani ni kulala kwa mtu asiye na kwao. Watu hao wamwonapo mgeni akipiga kafi katika kayaki ya plastiki baina ya visiwa vya Lamu, humsifu kwa ushujaa. Kijana wa Shela au Matondoni afanyapo lilo hilo kwa mtumbwi wa baba yake, huulizwa lini atapata kazi ya maana. Maoni haya ni potofu, nayo yawanyima vijana furaha iliyo karibu nao na isiyouzwa dukani.

Hiyo kayaki isifiwayo haikubuniwa na matajiri kwa michezo. Iliundwa na Wainuiti wa nchi za barafu, kwa miti iliyookotwa pwani na ngozi za sili, ili wapate kuwinda. Huko Greenland mashua za mota zilikaribia kuifuta. Katika miaka ya 1980 wenyeji wakaanzisha chama cha kuifufua, na vijana wakafundishwa tena kuiunda na kuiendesha. Hawakungoja mgeni awaambie kuwa mali yao ni mali. Sisi twangoja nini?

Mota humfikisha abiria. Kafi humwonyesha njia. Aendaye Takwa, katika kisiwa cha Manda, hupita kwenye mkono wa bahari uliofunikwa na mikoko, wala hapiti vyema ila maji yamejaa. Hapo hujifunza kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, na kwamba mwezi uandamapo au uwapo mpevu, bamvua huja. Mwanafunzi aliyewahi kukwama matopeni maji yakipwa hahitaji kukaririshwa somo hilo. Na afikapo, hukuta magofu ya mji ulioachwa katika karne ya 17, ambao watu wake, kwa mapokeo, walihamia Shela.

Jioni huja furaha ya pili, nayo ni furaha ya uchache. Mtumbwi hauchukui anasa: dumu la maji ya kunywa, sufuria, unga, chumvi na turubai, basi. Samaki huchomwa kwa makaa, upepo hupoa, nyota hutoka. Aliyelala hivyo hujua ni vitu vingapi vimtoshavyo. Na ajuaye kimtoshacho si rahisi kudanganywa na wauzaji wa fahari.

Wapinzani watasema bahari ni hatari. Ni kweli, lakini hatari ni hoja ya kufundisha, si hoja ya kukataza. Kijana na ajue kuogelea kwanza, avae jaketi la kuokoa maisha, asiende peke yake, asitoke nje ya mwamba kusi ikivuma kwa nguvu, na aache habari ya safari yake nyumbani. Tena mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda. Kwa hiyo pasipigwe kambi popote kabla ya kuwauliza wazee wa mahali na serikali. Huo ni uangalifu, wala si woga.

Watasema pia kwamba vijana wahitaji kazi, si matembezi. Lakini ni nani atakayeilinda mikoko na matumbawe, kama si yule aliyeyapita kwa kafi na kuyapenda? Mtu hatetei asichokijua.

Shule nyingi za pwani zina uwanja wa mpira, na hilo ni jema. Ni ngapi zilizo na mtumbwi mmoja, kafi mbili, na mvuvi mzee aliyealikwa kuwa mwalimu? Wakubwa wa shule na walijibu swali hili kwa vitendo. Aibu haimo katika mtumbwi. Aibu ni kukua kando ya bahari, na kuiona kwa macho ya mgeni.