Huruma ya Daktari Haifiki Dirishani

Mazungumzo kuhusu mgonjwa maskini, hapa Rwanda, mtaani kwetu Rwezamenyo na kwa majirani zetu wa Nyamirambo, huishia kwenye hukumu moja: madaktari wamependa pesa mno, wangekuwa na utu wangetibu bure. Ukisema hivyo msikitini, kanisani au kijiweni, vichwa vinaitikia. Mimi naona tunagonga mlango usio wake.

Huyo maskini tunayemlilia, daktari hajamwona bado. Akiamka na homa anakwenda kituo cha afya, na kituoni anayempima ni muuguzi. Daktari yuko hospitali, na kumfikia kunataka karatasi ya rufaa. Ukiruka ngazi, Mituweli, bima yetu ya afya ya jamii, haikulipii. Hata huyo muuguzi ana dirisha la mapokezi mbele yake. Hapo unaombwa kitambulisho, jina linatafutwa kwenye kompyuta, na kama mchango wa mwaka haujalipwa inavyotakiwa, ulipe bei kamili au ugeuze. Wanaogeuza wapo. Wanapitia duka la dawa, wananunua vidonge viwili vya maumivu na kumwachia Mungu.

Tatizo liko hapo dirishani. Kwa miaka mingi, familia za daraja la pili na la tatu la ubudehe, ule mfumo wa kupanga kaya kwa hali ya maisha, zilidaiwa faranga 3,000 kwa kila kichwa. Kaya ya watu sita ilikuwa 18,000, na mwaka wa Mituweli huanza Julai 1. Mama anayefua nguo za watu angeitoa wapi kwa mkupuo? Ndiyo maana mitaani kuna ibimina, watu wakiweka kidogo kidogo. Na usidhani ungemlipia yule mtoto mgonjwa peke yake. Hesabu ilikuwa ya kaya nzima.

Halafu daktari akisamehe, anasamehe jasho lake tu. Dawa, glavu, vipimo vya maabara na eksirei si mali yake ya kugawa. Waulizeni Warundi. Kabla ya 2006 hospitali zao zilikuwa zikiwashikilia wagonjwa walioshindwa kulipa, hata mama waliojifungua kwa upasuaji. Je, wodi zile hazikuwa na daktari hata mmoja mwenye moyo? Walikuwapo, lakini hospitali ilitegemea pesa ya mgonjwa kununua dawa za kesho. Mei 2006 Rais Nkurunziza akatangaza matibabu ya bure kwa wanaojifungua na watoto chini ya miaka mitano, wodi zikafurika, dawa zikapungua. Neno "bure" lilitangulia, bajeti ikafuata nyuma ikichechemea.

Rwanda ilipoanza majaribio ya Mituweli mwaka 1999, kule Byumba, Kabgayi na Kabutare, haikungoja madaktari wawe watakatifu. Iliweka mfuko. Kwa miaka mingi mwenye kadi alikuwa akilipa faranga 200 kituoni na asilimia 10 hospitali, wala hakumpigia mtu magoti.

Daktari anayetibu bure kwa hiari yake, Mungu amlipe. Ila mwenye uchungu na maskini wa Rwezamenyo aende kwa mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, mwezi wa Juni, aulize ni nyumba ipi imebakiza kiasi gani, kisha atoe pochi. Madaktari wakitaka kuchangia, nao wapange foleni nyuma yetu.