Chungu Kimoja, Sahani Tofauti

Anayefika soko la Kirumba Mwaloni asubuhi hawezi kudhani kwamba Mwanza ina watu waliopungukiwa lishe. Magunia ya dagaa yanashushwa kutoka visiwani, mihogo na viazi vitamu vinaingia kutoka vijijini, mchicha na mgagani umepangwa mafungu mafungu. Lakini chakula kuwepo sokoni ni jambo moja, na kumfaa mlaji ni jambo lingine. Mwenye kisukari, bibi mwenye shinikizo la damu, mtoto mwenye selimundu, anayemeza dawa za kifua kikuu: hawa wote huketishwa mbele ya sinia moja na kuambiwa wale kama wenzao. Nasema wengi wao hawahitaji chakula kigeni. Wanahitaji kupakuliwa kwa hesabu yao.

Tuanze na selimundu, kwa kuwa imeshamiri sana huku kwetu. Sampuli za damu za watoto wadogo wa mikoa ya kaskazini-magharibi, zilizochunguzwa katika hospitali ya Bugando kwa ushirikiano na wataalamu wa Marekani, zilionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha ugonjwa huo, na zaidi ya mmoja kati ya mia anaugua. Chembe za damu za mtoto huyu hufa mapema, hivyo mwili wake hutengeneza nyingine usiku na mchana. Kazi hiyo inadai chakula cha kutosha, maji mengi na foliki asidi, ambayo imo katika maharage na mboga za majani. Lakini vidonge vya madini ya chuma asipewe kwa kubahatisha, maana aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma kupita kiasi.

Wapo watakaosema kipato hakitoshi sufuria moja, sembuse mbili. Ni kweli, na ndiyo sababu sidai sufuria ya pili. Tazama dagaa wanavyopikwa: huchambuliwa, huoshwa maji matatu kutoa mchanga, huchemshwa na nyanya na vitunguu. Hapo, kabla ya kutia chumvi, chota upawa mmoja uweke pembeni. Hiyo ndiyo mboga ya bibi, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isifike gramu 5, yaani haijazi hata kijiko kimoja cha chai. Dagaa wakavu, safi, wasagwe waingie katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kwa kuwa huliwa na mifupa yao, humpa kalisi pamoja na chuma na zinki. Mwenye kisukari apunguziwe bonge la ugali wa muhogo, na mgagani ujaze nusu ya sahani yake.

Wengine wameweka tumaini katika vidonge vya vitamini. Utafiti wa NUSTART, uliofanyika Mwanza na Lusaka kwa watu wenye VVU waliokonda sana wakianza dawa za ARV, ulionyesha mwaka 2015 kwamba kuongeza vitamini na madini kwa wingi hakukupunguza vifo. Kinyume chake, huko Jharkhand, India, familia za wagonjwa wa kifua kikuu zilipopewa nafaka, kunde, maziwa ya unga na mafuta pamoja na vitamini, wanafamilia walioupata ugonjwa huo walipungua kwa karibu asilimia 40. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2023. Mwili uliodhoofika unataka chakula, na unakitaka mapema.

Pingamizi zito kuliko yote ni la heshima: sahani ya peke yake humtangaza mgonjwa, naye huona haya. Lakini kilichotoka chungu kimoja, kikaliwa mkekani pamoja na wengine, hakimtengi mtu. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye nisiyethubutu kumpangia hapa, kwa sababu dagaa na hata maharage huenda yakamdhuru. Huyo amsikilize daktari wake. Nanyi wataalamu wa lishe, muulizeni mgonjwa jana alikula nini, kisha mwandikieni kwa majina ya vyakula vya Kirumba. Na wewe baba mwenye nyumba, unayetengewa mnofu wa sangara kwa desturi, jioni ya leo agiza mnofu huo upelekwe kwa yule ambaye mwili wake unauhitaji zaidi.