Dawa ya ndege: yamponya au yamuua?

Tusemapo "dawa ya ng'ombe", kila msikilizaji huelewa kwamba ng'ombe ameugua na anatafutiwa nafuu. Lakini tusemapo "dawa ya mende" au "dawa ya panya", hakuna adhaniye kwamba mende ameshikwa na homa au kwamba panya anaumwa na kichwa. A-unganifu ni ile ile, mpangilio wa maneno ni ule ule, ilhali maana ya kwanza ni uhai na ya pili ni mauti. Wanafunzi wa isimu huangua kicheko mfano huu uandikwapo ubaoni. Kicheko kikishatulia, swali hubaki: je, "dawa ya ndege" iko upande gani?

Swali hili si mzaha. Wako miongoni mwetu wafugao kasuku wadogo wenye asili ya Australia, wale wa kijani na manjano, au buluu na nyeupe, ambao wataalamu huwaita bajirigari. Ndege hawa hupendwa na watoto kwa uchangamfu wao, na baadhi yao hujifunza hata kuiga maneno ya watu. Mmoja wao anapozubaa kizimbani, mwenyewe hukimbilia kile kinachoitwa "dawa ya asili". Huyu atasema tone la maji ya shubiri, yule kipande cha kitunguu saumu, wa tatu majani ya mwarobaini, mti ambao jina lake hutufanya tuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Washauri wote hao huwa na hoja moja: kitu hicho ni cha asili, basi hakiwezi kudhuru.

Nathubutu kusema kwamba hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Neno "asili", tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina maana ya chanzo au chimbuko. Hutuambia kitu kimetoka wapi. Halituambii kitamfanyia nini akilaye. Sumu ya nyoka ni ya asili. Mbarika umeota wenyewe, na mbegu zake ni sumu kali. Msomi Paracelsus, aliyeishi Ulaya katika karne ya 16, alifundisha kwamba kinachotofautisha dawa na sumu ni kipimo. Nao Wayunani wa kale walikuwa na neno moja tu, "pharmakon", kwa vyote viwili.

Tuanze basi na hicho kipimo. Bajirigari ana uzito wa gramu 30 hadi 40 hivi. Mtu mzima wa kilo 70 ni mzito kuliko ndege wa gramu 35 mara 2,000. Tone moja la maji ni takriban sehemu moja ya ishirini ya mililita. Kwa hesabu ya uzito peke yake, umtiapo ndege huyo tone moja la dawa mdomoni, ni kama kumnywesha mtu mzima vijiko 20 vya chai vya dawa hiyo hiyo kwa mkupuo. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii kesho asubuhi. Ni nani kati yetu ambaye angekubali kunywa vijiko 20 vya utomvu wa shubiri, ambao unajulikana kwa kuharisha?

Tena kuna jambo kubwa kuliko kipimo. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mwili wa ndege si mwili wa binadamu uliopunguzwa. Mfano ulio wazi kabisa ni parachichi, tunda ambalo nchi yetu hulima na kuliuza ng'ambo kwa wingi, na ambalo mama hulipondaponda ampe mtoto anayeanza kula. Tunda hilo lina kemikali iitwayo persini, ambayo hushambulia moyo na mapafu ya ndege. Mnamo 1989 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo bajirigari na chiriku walilishwa parachichi. Kadhaa kati yao walikufa katika muda wa siku mbili. Tunda lile lile, la asili ile ile, kwa mtoto ni lishe na kwa ndege ni kaburi. Vitunguu navyo, vya maji na saumu, vina kemikali ziwezazo kuharibu chembe nyekundu za damu za wanyama kadhaa. Mpishi hulia machozi akivikata. Ndege yaweza kumgharimu uhai akivila.

Je, nataka kusema kwamba asili haina tiba? La hasha! Nasema tumeitafuta mahali pasipo pake. Asili inayohusika hapa si ya mmea bali ni ya ndege mwenyewe. Tumwulize kwanza: wewe ni nani, na umetoka wapi?

Jina lake la kigeni, "budgerigar", latokana na lugha za wenyeji wa Australia. Mtaalamu George Shaw alimwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1805, na mnamo 1840 John Gould akawafikisha Uingereza wakiwa hai. Makao yao ni nyika kame za bara la Australia. Huko huruka kwa makundi makubwa, wakihama kuifuata mvua na kula mbegu za nyasi za aina nyingi. Huota jua, huruka masafa marefu, na hawaishi wapweke. Sasa tumtazame yule wa kwetu: yuko peke yake, katika kitundu kisichomwezesha hata kunyoosha mbawa, pembeni mwa jikoni, na mbele yake pana kikopo cha mawele makavu, leo, kesho na mtondogoo. Akiugua tunashangaa!

Mengi ya maradhi yake ya kawaida yana mizizi papo hapo. Ndege alishwaye mbegu kavu peke yake hukosa vitamini A, na ukosefu huo hudhoofisha ngozi laini ya mdomo, pua na koo, mahali ambapo vijidudu huingilia. Akikosa madini ya ayodini huota rovu. Lile tezi huvimba na kubana njia ya pumzi hata akawa anatoa mlio wa kukwaruza kila apumuapo. Jike aliyepungukiwa na kalisi yai huweza kumkwama tumboni, na hiyo ni dharura ya kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Wako watu wanaomsikia ndege mwenye rovu akikwaruza, wakasema ana mafua, wakamfukizia mvuke wa majani. Hata mvuke ungekuwa wa pepo haungeleta ayodini.

Tiba ya asili ya haya yote ni chakula chenye asili yake. Mkatie sukuma wiki mbichi iliyooshwa vyema, umkwaruzie karoti, umpe majani ya dania. Mbegu ziwe mchanganyiko, wala zisiwe chakula pekee. Mwekee kizimbani lile gamba jeupe la ndani la ngisi, ambalo watu wa pwani huliokota ufuoni baada ya maji kupwa. Limejaa kalisi, naye hulitafuna kidogo kidogo kadiri ahitajivyo. Mtoe apate jua la asubuhi, huku ukimwachia upande wenye kivuli. Jua lipitalo kwenye kioo cha dirisha halitoshi, kwa kuwa kioo huzuia ile miale iusaidiayo mwili kutengeneza vitamini D. Mpe nafasi ya kuruka, na mwenzi wa kuzungumza naye. Hiyo ndiyo miti-shamba yake. Kinga ni bora kuliko tiba.

Hewa nayo ni sehemu ya asili. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, na kwa sababu hiyo huvuta sumu ya hewani upesi kuliko sisi. Wachimba makaa wa Uingereza walijua hivyo. Kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane walikuwa wakishuka migodini na chiriku vizimbani, wapate kuonywa mapema kuhusu gesi ya sumu, na desturi hiyo ilidumu hadi 1986. Gesi ile ile hutoka katika jiko la makaa liwakalo ndani ya chumba kilichofungwa. Vikaango vya kisasa visivyoshika chakula navyo, vikipata moto kupita kiasi, hutoa mvuke ambao humwangusha ndege kwa dakika chache. Basi kumhamisha ndege kutoka jikoni ni tiba isiyogharimu hata senti.

Hata hivyo, yako maradhi ambayo karoti na jua haviwezi kuyaondoa. Utitiri mdogo usioonekana kwa macho hutoboa ngozi ya mdomo na miguu ya bajirigari, ukaacha ukoko kama sega la nyuki. Wengi hupaka mafuta ya kupikia, wakidhani wanauziba pumzi. Mafuta hayo huweza kuziba pua za ndege na kuyagandisha manyoya yanayomtia joto, ilhali daktari wa mifugo anayo dawa maalumu ambayo kwa kipimo sahihi huumaliza utitiri huo.

Liko pia lile linalotuhusu sisi wenyewe. Bakteria waitwao Chlamydia psittaci huwashambulia ndege wa jamii ya kasuku, kisha huwafikia watu kwa njia ya vumbi la kinyesi na la manyoya. Mnamo 1929 na 1930 ugonjwa huo ulizuka katika nchi kadhaa za Ulaya na Marekani, ukihusishwa na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, na watu wakafa kwa homa ya mapafu. Leo unatibika kwa dawa za antibiotiki, kwa ndege na kwa mtu, mradi utambuliwe mapema. Anayemfungia ndege mgonjwa chumbani mwa watoto huku akimnywesha maji ya majani hamchezei ndege peke yake. Na mtu mwenye homa na kikohozi aliye na ndege nyumbani hana budi kumweleza daktari wake habari hiyo.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema: ada ya daktari hushinda bei ya ndege, kwa nini nisimjaribu kwa majani yaliyo uani, akifa ninunue mwingine? Sitaikejeli hoja ya mfuko mtupu. Lakini tuangalie inamfundisha nini mtoto anayesimama kando akitazama. Inamfundisha kwamba uhai una thamani ya bei yake sokoni, na kwamba kubahatisha ni sawa na kutibu. Mtoto huyo huyo kesho atakuwa mzazi, muuguzi au mkulima. Aliyezoea kumbahatishia ndege hatashindwa kumbahatishia mwanawe. Wala daktari si lazima awe wa gharama kubwa. Swali moja kwa afisa wa mifugo aliye karibu huokoa mengi, nacho Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo kule Kabete.

Wala siwadharau waganga wetu wa miti-shamba. Mganga wa kweli alijua mti, sehemu ya mti, msimu, kipimo na mgonjwa. Alitazama kwanza, akauliza, ndipo akachimba mzizi. Achumaye majani yoyote na kumtilia ndege yeyote kwa kuwa "ni ya asili" haufuati utaratibu wa wazee, bali anaufuja.

Kwa hiyo nawasihi walimu, hasa wa sayansi na wa Kiswahili, washirikiane katika somo hili. Ndege ni kiumbe kiwindwacho, na huficha udhaifu wake ili adui asimchague. Nasi tuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanafunzi afundishwe kumsoma ndege kama asomavyo kitabu: je, amejitutumua manyoya mchana kutwa? Ameshuka kukaa sakafuni mwa kizimba? Mkia wapanda na kushuka kila apumuapo? Kinyesi kimebadilika rangi au kimekuwa maji? Yaandikwe daftarini kila siku, pamoja na uzito wake kwenye mizani ndogo ya jikoni. Dalili hizo zikionekana, ndege atengwe mahali patulivu penye joto la nyuzi 27 hadi 30 hivi, maji na chakula viwe karibu naye, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtaalamu aulizwe siku hiyo hiyo. Hiyo ni huduma ya kwanza ambayo mtoto wa darasa la sita aweza kuitoa bila kumtilia ndege kitu chochote mdomoni.

Na mwanafunzi akutanapo tena na maneno "dawa ya asili", awe kijana wa shule ya msingi au msomi wa chuo kikuu, ayafanyie uchanganuzi kama tuufanyavyo darasani. Dawa ya nani? Kwa maradhi gani? Kwa kipimo kipi? Na asili hiyo ni ya nani? Maswali hayo yakikosa majibu, a-unganifu ile iliyo kati ya "dawa" na "ndege" huenda ikawa ndiyo ile ile iliyo kati ya "dawa" na "panya".